Boksi Lisiloonekana: Kisa cha Dirisha la Kikokotoo cha Grafu

"Mwalimu, hiki kimekufa."

Kijana alinisukumia kikokotoo chake mezani. Nikakiangalia: betri nzima, kioo safi, mhimili wa x umelala, mhimili wa y umesimama, na zaidi ya hapo hakuna kitu. Alikuwa ameandika fomula kwenye Y1, nafasi ya kwanza ya kuandikia fomula, akabonyeza GRAPH, akasubiri, akabonyeza tena kwa nguvu kidogo, kama mtu anayegonga mlango huku anasikia watu wakiongea ndani.

Na kweli walikuwamo. Mchoro ulikuwapo kiooni muda wote ule. Sisi wawili tuliukodolea macho na hatukuuona. Kioo kitupu, hata hivyo, ni tatizo dogo, maana angalau kinakushtua. Tatizo kubwa lilikuja baadaye, kioo kilipojaa na kijana akakiamini. Ndiyo maana naandika kisa chote, pamoja na mahali nilipopotea mimi.

Swali lilikuwa lile la siku zote la boksi. Una karatasi ngumu ya sentimita 60 kwa 40. Unakata mraba kwenye kila pembe, upande wake x, kisha unakunja kingo nne kwenda juu upate boksi lisilo na mfuniko. x iwe ngapi ili ujazo uwe mkubwa kuliko wote? Kitako kinabaki na urefu wa 60 − 2x na upana wa 40 − 2x, na kimo ni x, kwa hiyo ujazo ni x(60 − 2x)(40 − 2x). Fomula hiyo kijana aliipata mwenyewe na aliiandika bila kukosea hata bano moja. Nalitaja hilo kwa sababu mtu akikuta kioo kitupu, kitu cha kwanza anachofanya ni kurudi kwenye fomula na kuanza kuichokonoa. Nimeona fomula nyingi sahihi zikiharibiwa hivyo.

Mchoro uliojificha nyuma ya mhimili

Kikokotoo chenyewe ni TI-84 Plus, kilichotoka mwaka 2004, kioo cha nukta 96 kwa 64. Kipimo hicho kina historia: Casio fx-7000G ya mwaka 1985, kikokotoo cha kwanza cha grafu kuuzwa sokoni, nacho kilikuwa na nukta 96 kwa 64. Karibu miaka ishirini ilipita, ndani ya mashine mambo yakabadilika sana, kioo kikabaki na nukta zile zile. Na mchoro haupewi hata hizo zote. Unapewa safuwima 95 na safumlalo 63. Kila mkunjo utakaouona, uwe wa boksi au wa kombora, umebanwa humo.

Dirisha ndilo linaloamua ni sehemu gani ya dunia itakayobanwa kwenye nukta hizo. Xmin na Xmax ni ukingo wa kushoto na wa kulia, Ymin na Ymax ni wa chini na wa juu, Xscl na Yscl ni umbali kati ya alama ndogo za mihimili. Dirisha la kawaida, lile linaloletwa na ZStandard, linaanzia −10 hadi 10 pande zote mbili. Kijana alikuwa kwenye dirisha hilo. Hakulichagua, alilikuta.

Sikumwambia neno. Nilibonyeza TRACE, kitufe kinachotembeza kielekezi juu ya mchoro na kusoma namba zake. Kielekezi kikatokea katikati, na chini ya kioo pakaandikwa X=0, Y=0. "Kumbe kipo," akasema. Nikabonyeza mshale wa kulia mara moja tu. Kielekezi kikatoweka, lakini namba za chini zikabaki: X ni 0.2128, Y ni 501.6.

Tulisimama hapo kwa muda, kwa sababu namba hizo mbili zinaeleza karibu kila kitu. Upana wa dirisha ni 20, safuwima ni 95, kwa hiyo kati yake kuna nafasi 94, na kila hatua moja ya kulia ni 20 kugawanya kwa 94, yaani 0.2128. Hatua moja hiyo, ndogo kuliko zote zinazowezekana kwenye kioo, imepandisha ujazo kutoka 0 hadi zaidi ya 500. Dirisha lenyewe linaishia 10. Mchoro umeruka dari kwa hatua yake ya kwanza. Kushoto ni vivyo hivyo: hatua moja, na Y inaporomoka hadi karibu −520. Kilichobaki ndani ya dirisha ni kipande cha mstari kinachopanda moja kwa moja kwenye safuwima ya katikati kabisa, na safuwima hiyo ndiyo hiyo hiyo ya mhimili wa y. Mchoro wa boksi ulikuwa umechorwa juu ya mhimili, nukta juu ya nukta.

Tangu siku hiyo, mtu akiniletea kioo kitupu naanza na TRACE kabla ya kugusa chochote. Kielekezi kinaweza kuwa nje ya kioo kabisa na namba bado zikasomeka, na namba hizo zinakwambia mchoro umekimbilia wapi.

Kurudi nyuma ili uone zaidi

Kijana alielewa kwamba mchoro uko juu zaidi, na akafanya ambalo wengi wetu tungelifanya: akaingia ZOOM, akachagua Zoom Out, akabonyeza ENTER. Ukitaka kuona jengo zima unarudi nyuma, sivyo?

Mara ya kwanza dirisha lilikua kutoka −10 hadi 10 likawa −40 hadi 40, maana kikokotoo kisipoelekezwa vingine kinazidisha kwa nne. Zikatokea nguzo mbili wima upande wa kulia. "Asimptoti!" akasema, kwa furaha ya mtu aliyekutana na neno alilolisoma wiki iliyopita. Asimptoti ni mstari ambao mchoro unaukaribia bila kuufikia, na hizi hazikuwa asimptoti. Nguzo ya kwanza ilikuwa kwenye 20, ya pili kwenye 30, mahali ambapo mchoro unakatiza mhimili wa x kwa kasi kubwa kiasi kwamba ndani ya dirisha la kimo cha 80 tu unaonekana umesimama wima. Na ile 20 ilikuwa ndiyo namba aliyoihitaji kuliko zote. Ilisimama mbele yake kama nguzo ya umeme, akaipita.

Aliendelea kubonyeza. Mara ya pili, −160 hadi 160, nguzo zikasogeleana na mhimili. Mara ya tatu zikashikana. Alipofika mara ya tano, dirisha lilikuwa −10,240 hadi 10,240, na kioo kimerudi vile vile: mhimili uliolala, mhimili uliosimama, basi.

Hapa nilimwomba kalamu, kwa sababu jambo hili ni zuri likiandikwa. Ujazo unafika kwenye maelfu, kwa hiyo Y inahitaji dirisha la maelfu. Lakini x ya boksi haivuki 20. Zoom Out inapanua pande zote mbili kwa kipimo kile kile, kwa hiyo ukiirudisha Y nyuma mpaka ikatosha, x nayo imeshakwenda nayo. Kwenye dirisha la −10,240 hadi 10,240 kila safuwima imebeba karibu 218. Boksi lote, kuanzia karatasi isiyokatwa hadi karatasi iliyokatwa ikaisha, ni upana wa 20. Halijazi hata sehemu ya kumi ya nukta moja. Ubonyeze Zoom Out mara tano au mara hamsini, hakuna dirisha la namna hiyo litakalokuonyesha boksi hili. Kabla y haijafika, x imeshapotea.

Programu za grafu za kwenye simu na kompyuta zina ugonjwa huu pia, tena mtamu zaidi, kwa sababu kubana na kutanua kwa vidole hakuonekani kama uamuzi. Mhimili mmoja ukitanuka na mwingine unatanuka, na mtu anadhani amefanya kazi.

Kioo kilichojaa uongo

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike.

Mwenzake wa kiti cha pembeni, aliyekuwa anasikiliza kwa sikio moja, akamwambia ajaribu ZoomFit. Ushauri mzuri tu. ZoomFit inaiacha x ilivyo, inapitia fomula kwenye kila safuwima, inatafuta thamani ya chini na ya juu, na kuzifanya ziwe Ymin na Ymax. Kijana alirudi kwanza kwenye ZStandard, kisha akabonyeza ZoomFit, na kwa mara ya kwanza mchoro ukatokea, mkubwa, umejaa kutoka pembe ya chini kushoto, ukapanda, ukajikunja taratibu, ukatulia juu kulia kama barabara iliyofika uwandani. Akanyoosha mikono.

Akaandika jibu daftarini: ujazo unaongezeka mpaka x inapofika karibu 6, baada ya hapo haubadiliki.

Nililisoma mara mbili. Alikuwa ameusoma mchoro vizuri kabisa. Mimi mwenyewe nilipoukagua nikaona safumlalo ya juu imenyooka bila hata nukta moja kushuka, kuanzia karibu 6 hadi ukingo wa kulia.

Kwa hiyo nikamuuliza swali lisilohusu kikokotoo. "Upande mfupi wa karatasi ni sentimita 40. Ukikata 20 huku na 20 huku, kinabaki nini?"

Akafikiri. "Hakuna."

"Na ujazo wake?"

Aliangalia mchoro uliotulia, akaangalia daftari, akaanza kufuta. Lakini sikutaka afute kabla hajajua kioo kimemdanganya vipi, kwa sababu kilikuwa kimemdanganya kwa hesabu sahihi. Xmin ilikuwa bado −10, namba isiyo na maana yoyote kwa boksi; huwezi kukata mraba wa upande wa hasi kumi. Lakini fomula haijui hilo. Ukiipa −10 inakujibu −48,000. ZoomFit ikaikuta namba hiyo, ikaiheshimu, ikaifanya Ymin. Thamani ya juu iliyoiona ilikuwa karibu 8,450. Kimo cha dirisha kikawa zaidi ya 56,000, kimegawanywa kwa nafasi 62 zilizo kati ya safumlalo 63. Kila safumlalo ikabeba karibu 910.

Sasa tazama mchoro wenyewe unafanya nini kulia. Kwenye 6 ujazo ni 8,064. Unapanda hadi karibu 8,450, kisha unashuka hadi 8,000 pale x inapofika 10. Kupanda kote huko na kushuka kote huko hakufiki 910. Kilele kizima, ambacho ndicho jibu la swali, kiliingia ndani ya unene wa nukta moja. Kioo hakikuwa na namna ya kukionyesha hata kingetaka.

Kuna jambo jingine hapa ambalo nilimwonyesha baadaye, na bado linanisumbua. Kwenye dirisha hilo hilo bovu, ukiingia CALC, menyu ya hesabu za mchoro, ukachagua maximum, amri ya kutafuta kilele, ukaweka ukingo wa kushoto kwenye 5 na wa kulia karibu na 10, kikokotoo kinakupa jibu sahihi. Kinapotafuta kilele hakitazami nukta za kioo. Kinarudi kwenye fomula. Mashine ilikuwa na jibu mfukoni muda wote. Lakini nani anauliza kilele kiko wapi wakati macho yake yanamwambia hakuna kilele? Kijana hakukosa ujuzi wa kutumia maximum, alikuwa ameshaitumia mara kadhaa. Mchoro ulimfungia swali lenyewe. Kwangu hiyo ndiyo kazi halisi ya dirisha: linaamua ni maswali gani yatakuja kichwani.

Mwenzake naye hakukubali kushindwa. Akasema tatizo ni x ya hasi, akaweka Xmin 0 na Xmax 40, "kwa sababu karatasi ni 40", akaita ZoomFit tena. Safari hii palitokea kilima kidogo kushoto, bonde dogo, kisha mkunjo ukapaa kulia hadi pembe ya juu. Akatangaza kwamba ujazo mkubwa ni 32,000, kwenye x sawa na 40.

Namba ni sahihi. 40 mara −20 mara −40 ni 32,000. Boksi lenye urefu wa hasi ishirini na upana wa hasi arobaini, hasi mbili zimezidishana zikawa chanya, na fomula imetabasamu. Tulicheka wote, yeye akiwa wa kwanza, lakini nilimpa heshima yake: alikuwa karibu zaidi kuliko alivyojua. Kosa lake lilikuwa kusoma 40 kwenye swali na kusahau kwamba mkasi unakata pande mbili.

Dirisha lililoanzia kwenye karatasi

Tulizima kikokotoo. Namaanisha tulikizima kabisa, maana kikiwaka vidole vinakwenda vyenyewe.

x haiwezi kuwa chini ya 0. Upana 40 − 2x hauwezi kuwa chini ya 0, kwa hiyo x haivuki 20. Xmin ni 0, Xmax ni 20, na wala hatukuhitaji mashine kujua hilo. Y ilihitaji kazi kidogo zaidi. Nilimwomba ahesabu ujazo kwa x chache, kwa mkono: kwenye 5 akapata 7,500, kwenye 10 akapata 8,000, kwenye 15 akapata 4,500, kwenye 20 sifuri. Namba nne. Kabla ya mchoro wowote alishaona kwamba ujazo unapanda na kushuka, kwamba kilele kiko mahali fulani kati ya 5 na 15, na kwamba pengine kinapita 8,000 kidogo. Ymax tukaiweka 10,000.

Ymin aliiandika 0, na kimantiki ni sawa. Nilimshauri −1500. TRACE inapowaka, namba za X na Y zinaandikwa chini ya kioo, na kama sakafu ya dirisha ni sifuri zinaandikwa juu ya mchoro wenyewe. Ukishusha sakafu kidogo unazipa mahali pa kukaa. Ni jambo dogo la usafi, lakini walimu wengi hawalitaji. Hapo pia alikwama kidogo kwa kubonyeza kitufe cha kutoa badala ya kile kidogo cha alama ya hasi, kosa ambalo kila mwenye kikokotoo hiki amelifanya na atalifanya tena.

Akabonyeza GRAPH. Kilima kikatokea, kizuri, kinaanzia sifuri, kinapanda kwa haraka, kinageuka kabla ya katikati, kinashuka polepole hadi 20. Lakini mhimili wa y ulikuwa mnene, mweusi, kama umechorwa kwa makaa. Akaniangalia kwa wasiwasi. Yscl ilikuwa bado 1: kikokotoo kilikuwa kinajitahidi kuweka alama kwa kila sentimita moja ya ujazo, alama zaidi ya elfu kumi kwenye nukta 63. Tukaiweka 1000, na Xscl tukaiweka 5. Mhimili ukakonda.

Sikugusa ZSquare, ingawa aliuliza. Amri hiyo inasawazisha mihimili ili duara lionekane duara, na ina thamani kubwa pale x na y zinapopimwa kwa kipimo kimoja. Hapa x ni sentimita na y ni sentimita za ujazo. Hakuna umbo la kulinda.

Kosa langu

Kilele sasa kilionekana, na kijana akakifuata kwa TRACE. Thamani ya juu aliyoipata ilikuwa 8,450.38 kwenye X ya 7.8723404. "Nani atakata karatasi kwa kipimo hicho?" akauliza. "Na kwa nini haitaki kusimama kwenye 8?" Alikuwa amejaribu: hatua moja mbele ilimpeleka 8.085.

Sababu ni ile ile ya nafasi 94. Dirisha la upana wa 20 likigawanywa kwa 94 halitoi hatua nzuri. Mimi, kwa haraka ya mtu anayejua ujanja, nikamwambia aweke Xmax 23.5, kwa sababu 23.5 kugawanya kwa 94 ni 0.25 kamili. Kwenye TI-84 Plus CE ya rangi, iliyokuja mwaka 2015, mchoro una safuwima 265 na namba ya kugawanyia ni 264, kwa hiyo 26.4 inakupa hatua za 0.1. Kwenye Casio fx-9750GII ni safuwima 127, nafasi 126. Ndiyo maana dirisha lake la mwanzo linaanzia −6.3 hadi 6.3, likitoa hatua za 0.1.

Hatua zikanyooka kweli. Kwenye 7.75 TRACE ikaonyesha 8,449.4375. Kwenye 8 ikaonyesha 8,448. Nikajipongeza kimoyomoyo. Kisha mwenzake akanyoosha kidole kulia kabisa mwa kioo: "Na huo mkia?"

Kati ya 20 na 23.5 mchoro ulikuwa umezama chini ya mhimili, ujazo hasi, ukatokea nje kwenye sakafu ya dirisha. Nilikuwa nimetumia robo saa nzima kuwafundisha kwamba Xmax ni 20 kwa sababu karatasi inaisha pale, halafu mimi mwenyewe nikafungua dirisha zaidi ya karatasi kwa sababu ya namba zinazopendeza. Sikuwa na jibu la kujitetea. Tulikubaliana kwamba dirisha la 23.5 ni la kusomea namba na la 20 ni la kuchorea jibu, na kwamba mkia ukiingia daftarini lazima uandikwe wazi kuwa si boksi. Bado sina uhakika kama huo ulikuwa uamuzi bora au njia tu ya kunisitiri.

Maximum ilimaliza kazi: x karibu 7.85, ujazo karibu 8,450.45. Tukaulinganisha na 8,448 ya x sawa na 8. Tofauti haifiki sentimita 2.5 za ujazo kwenye boksi la zaidi ya 8,000. Kijana akasema yeye angekata 8 na kwenda zake, na nadhani hilo lilikuwa jibu la maana kuliko yote yaliyotolewa siku ile. Kilele cha mviringo kina ukarimu huo. Ukikikosa kidogo, hakikuadhibu. Ile bapa iliyomdanganya kwenye ZoomFit ilikuwa na chembe ya ukweli ndani yake, imekuzwa tu kupita kiasi.

Kabla hawajaondoka niliwapa karatasi nyingine, ya 60 kwa 60. Kijana akabadilisha fomula, akasahau dirisha, akabonyeza GRAPH. Mkunjo ukapanda, ukafika kwenye dari kabla x haijafika 4, ukatoka nje. Katikati ya kioo pakabaki patupu, mpaka mkunjo uliporudi upande wa kulia.

Hakusema kimekufa. Alibonyeza TRACE, akakirudisha kielekezi upande wa kushoto, kisha akausukuma mshale kulia, akasoma namba zikipanda: 12,000, 14,000, karibu 16,000. Kisha akakiweka chini, akavuta daftari, akaandika 0 na 30, akaanza kuhesabu kwa mkono: kwenye 5 ni 12,500, kwenye 10 ni 16,000, kwenye 15 ni 13,500. Akaandika Ymax 18,000.

"Sakafu je?" mwenzake akamuuliza.

"Hasi elfu tatu. Namba zikae wapi?"